Vyuo vikuu kupanda na kushuka kwenye orodha: nini hasa hubadilika, na ni lini uamini?

Karani_wa_Takwimu (mwanzisha uzi)

Wadau, tuliweke hili sawa kabla watoto wa KCSE hawajafungua ukurasa wa KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo na kozi. Webometrics hutoa orodha Januari na Julai, QS hutoa Juni, Shanghai hutoa Agosti 15, na Times Higher Education (hapa nitaiita THE) hutoa karibu Septemba au Oktoba. Chuo kimoja kinaweza kuwa cha kwanza Kenya mwezi wa kwanza, kikawa cha tatu mwezi wa sita, na mwezi wa nane kisionekane kabisa. Pale kampasi hakuna kilichobadilika. Kila orodha inapima kitu chake.

Webometrics ndiyo inayopigiwa kelele zaidi Nairobi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na darasa. Nusu ya alama ni viungo vya mitandao ya nje vinavyoelekea kwenye tovuti ya chuo. Asilimia 10 ni manukuu (mara ambazo makala zimetajwa na watafiti wengine) kwenye akaunti za Google Scholar za watafiti wake wanaoongoza. Asilimia 40 ni makala zilizoingia katika ile 10% inayonukuliwa zaidi duniani kwenye taaluma zake. Ufundishaji haumo.

Shanghai, iliyoanza 2003, ni ya utafiti mkubwa wa sayansi: 10% wahitimu walioshinda Nobel au medali ya Fields (ya hisabati), 20% wahadhiri washindi, 20% watafiti wanaonukuliwa zaidi duniani, 20% makala kwenye Nature na Science, 20% idadi ya makala zote, na 10% hayo yote yakigawanywa kwa wahadhiri. Mfano wa hapa kwetu: Wangari Maathai alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na akapata Nobel ya Amani 2004. Kipimo cha wahadhiri washindi hakiihesabu, maana kinachukua Fizikia, Kemia, Tiba, Uchumi na Fields pekee.

QS inategemea sana maoni: 30% ni sifa ya chuo kwa wasomi, 15% sifa yake kwa waajiri. THE ina vipimo 18 katika mafungu matano: ufundishaji 29.5%, mazingira ya utafiti 29%, ubora wa utafiti 30%, sura ya kimataifa 7.5%, na uhusiano na viwanda 4%.

Swali la uzi huu ni moja: chuo kikipanda au kikishuka, tutajuaje kama ni chuo kilichobadilika au ni kipimo?

---

BintiWaKasarani

Na kuna jambo la tarehe ambalo wengi hawalioni. QS ya "2025" ilitoka Juni 2024. THE ya "2025" ilitumia makala za 2019 hadi 2023. Kwa hiyo mtu akisema chuo kimepanda kwa sababu makamu mkuu mpya ameingia mwaka jana, muulize kivipi. Sehemu kubwa ya alama hizo ilipatikana kabla yake.

---

Mizani_Sawa

Karani, nianze na chanzo kikubwa zaidi cha mtikisiko: kubadilisha uzito wa vipimo. Watu hulijua juujuu tu, wacha niweke hesabu.

Hadi toleo la 2023, QS ilikuwa hivi: sifa kwa wasomi 40, sifa kwa waajiri 10, uwiano wa wahadhiri kwa wanafunzi 20, manukuu kwa kila mhadhiri 20, wahadhiri wa kigeni 5, wanafunzi wa kigeni 5. Toleo la 2024 likawa: 30, 15, 10, 20, 5, 5, halafu wakaongeza mtandao wa utafiti wa kimataifa 5, ajira za wahitimu 5 na uendelevu 5.

Chukua chuo cha kubuni chenye alama hizi kati ya 100: wasomi 20, waajiri 25, uwiano 60, manukuu 5, wahadhiri wa kigeni 10, wanafunzi wa kigeni 5.

Kwa uzito wa zamani: 8 + 2.5 + 12 + 1 + 0.5 + 0.25 = 24.25.

Sasa weka uzito mpya, na vile vipimo vitatu vipya kipe 40, 20 na 5: 6 + 3.75 + 6 + 1 + 0.5 + 0.25 + 2 + 1 + 0.25 = 20.75.

Kimepoteza alama 3.5. Hakuna mhadhiri aliyeondoka, hakuna makala iliyopungua. Kilichokiumiza ni uwiano wa wahadhiri, uliokuwa ukikipa alama 12 na sasa unakipa 6. Chuo jirani chenye madarasa yaliyofurika, lakini wahitimu wake wanajulikana na waajiri, kitakipita siku hiyo hiyo.

Marekani ilitokea hivyo hivyo. Septemba 2023 US News, orodha ya vyuo vya huko, iliondoa ukubwa wa madarasa, michango ya wahitimu wa zamani na sehemu ya wahadhiri wenye shahada ya juu kabisa ya fani yao. Tulane ikaanguka kutoka nafasi ya 44 hadi 73. Vanderbilt ikatoka 13 hadi 18. Vyuo vile vile, mwaka ule ule, rula nyingine.

---

Mizani_Sawa

Niongeze la pili, fupi: idadi ya washiriki. THE ya 2016 ilikuwa na vyuo 800 hivi, ya 2024 ikawa na 1,904, ya 2025 ikawa na 2,092. Chuo kilichokuwa karibu na mkia kikibaki na alama zile zile, kitasukumwa chini na wageni wanaoingia juu yake. Kwa hiyo "wa 800" bila kusema kati ya wangapi ni namba tupu.

---

Msomaji_Ngara

Kwa nini THE hawataji nafasi kamili ya vyuo vyetu, wanaandika tu kundi kama 1001–1200?

---

Karani_wa_Takwimu

Msomaji, hapo wanafanya vizuri. Ukishapita vyuo 200 vya juu, alama hukaribiana mno. Tofauti ya nusu alama inaweza kubeba vyuo makumi. Wangekupa nafasi moja moja ungeona watu wanapanda nafasi 60 kila mwaka kwa kelele tupu za data. Ndiyo maana wanaweka makundi.

Kosa la magazeti ni kuvipanga vyuo viwili vya kundi moja kwa alfabeti kisha kuandika kwamba kimoja kimekishinda kingine. Ndani ya kundi moja, hesabu vimelingana.

Na kuna vizingiti. Kuingia kwenye THE ya dunia, chuo kinatakiwa kuwa na makala angalau 1,000 ndani ya miaka mitano na kiwe kinafundisha shahada ya kwanza. Chuo kilichopewa hati 2013, wakati vyuo vishiriki vingi vilipopandishwa hadhi, kinaweza kufundisha vizuri sana na kisifike hapo. Kutokuwemo si sawa na kuwa wa mwisho.

---

Mwalimu_wa_Mbinu

Nataka tukae kidogo kwenye manukuu, kwa sababu hapa ndipo vyuo vya Afrika hupaa ghafla na kuanguka ghafla.

Kisa kinachofundishwa ni cha 2010. Chuo Kikuu cha Alexandria, Misri, kilitokea nafasi ya 147 duniani kwenye THE, na kwa athari ya manukuu kikawa cha nne duniani. Ukifuatilia, sehemu kubwa ilitokana na mtafiti mmoja aliyechapisha makala zaidi ya 300 kwenye jarida alilolihariri mwenyewe. Chuo ni kikubwa na cha heshima, ila mtu mmoja aliweza kukibeba chote kwa sababu kipimo kilikuwa wastani.

Tazama wastani unavyodanganya. Makala kumi: tisa zimepata 0.5 ya wastani wa dunia, moja imepata 40. Wastani ni 44.5 kugawanya kwa 10, yaani 4.45. Chuo kinaonekana mara nne na ushee ya wastani wa dunia. Sasa zipange kutoka ya chini hadi ya juu usome iliyo kwenye robo tatu ya mstari: ni 0.5. Chuo ni kile kile, na namba zote mbili ni za kweli. Inategemea unauliza nini.

Kwetu makala hiyo moja mara nyingi ni ya afya: tafiti za magonjwa duniani zenye waandishi mamia, wakati mwingine zaidi ya elfu, na mmoja wao anatoka chuo cha Nairobi au Eldoret. Zamani chuo kilipewa sifa yote ya makala hiyo. Toleo la 2016 THE wakaziondoa makala zenye waandishi zaidi ya 1,000. Mwaka uliofuata wakazirudisha, lakini kila chuo kikipewa sehemu tu. Kisha toleo la 2024 wakagawa lile fungu la 30%: athari ya kawaida 15, nguvu ya utafiti 5 (hii ndiyo ile ya robo tatu ya mstari), ubora wa juu 5, ushawishi 5. Kila badiliko kama hilo likija, chuo kidogo chenye makala chache za namna hiyo kinaruka au kinaporomoka. Ukiona chuo cha Afrika Mashariki kimesogea mamia ya nafasi, angalia kwanza fungu hilo kabla ya kusifu au kulaumu mtu.

---

Sajili_House

Mwalimu, na zile data ambazo vyuo hujijazia? Hapo ndipo imani yangu huisha.

---

Mwalimu_wa_Mbinu

Sajili, wasiwasi wako una msingi. Manukuu yanatoka Scopus, hazina ya rekodi za makala, au hazina nyingine, mtu wa nje anaweza kuyakagua. Idadi ya wahadhiri, wanafunzi, mapato na ukubwa wa madarasa hutoka chuoni.

Columbia, New York, ilikuwa ya pili kwenye US News. Februari 2022 profesa wake wa hisabati, Michael Thaddeus, akachapisha uchambuzi uliolinganisha namba za chuo na orodha za madarasa zilizo wazi. Chuo kilikuwa kimedai karibu 83% ya madarasa ya shahada ya kwanza yana wanafunzi chini ya 20. Kiliporekebisha, ikawa 57.2%. Septemba mwaka huo kikatokea cha 18. Kwenye kisa cha Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, mkuu wa zamani wa shule ya biashara alihukumiwa Machi 2022 kifungo cha miezi 14 kwa udanganyifu wa data za orodha.

Udanganyifu si lazima. Tafsiri inatosha. Mhadhiri wa muda anayefundisha kozi moja kampasi tatu tofauti za Nairobi anahesabiwaje? Ukimhesabu kama kichwa kamili mahali pote, uwiano unapendeza. Ukimgawa kwa saa zake, unakuwa mbaya. Wanafunzi wa jioni na wa masafa wakiachwa nje ya hesabu, unapendeza tena. Fomu inataka wahadhiri kwa hesabu ya muda kamili, ila anayejaza ni ofisi ya chuo, na ofisi zinatofautiana.

---

Mizani_Sawa

Na kampuni za orodha zinauza ushauri kwa vyuo vile vile zinavyovipima. Igor Chirikov wa Berkeley alichapisha 2021 utafiti juu ya vyuo 28 vya Urusi: vilivyokuwa na mikataba ya mara kwa mara na QS vilipanda kwa kiasi kinacholingana na nafasi kama 140 ndani ya miaka mitano kuliko ambavyo data nyingine zingetabiri. Si ushahidi kwamba mtu alihonga. Lakini aliye mwamuzi na muuza huduma kwa wakati mmoja anapaswa kuulizwa maswali, na mimi nauliza.

---

Wanja_Maktaba

Wacha niongeze upande wa maktaba, kwa sababu kupanda kwingi kwenye Webometrics ni kazi ya maktaba na watu wa tovuti. Si uongo, ni usafi wa data. Hivi ndivyo hufanyika.

Kwanza anwani moja ya tovuti. Chuo kikiwa na anwani mbili zinazofanya kazi sambamba, viungo vya nje vinagawanyika, na Webometrics wanaadhibu jambo hilo. Kikihama anwani bila kuelekeza kurasa za zamani kwenye mpya, viungo vya miaka kumi vinakufa na nafasi inaporomoka toleo linalofuata. Ukiona chuo kimeanguka vibaya Julai, kagua kama kimebadilisha tovuti.

Pili, Google Scholar. Mhadhiri afungue akaunti kwa barua pepe ya chuo, athibitishe, aondoe makala zisizo zake. Akaunti ya barua pepe binafsi haitambuliki kuwa ya chuo. Hili lingine linaumiza: akihama bila kubadilisha barua pepe, manukuu yanabaki kwa chuo cha zamani.

Tatu, jina la chuo kwenye makala. Daktari anayefundisha chuoni na kutibu hospitali ya rufaa akiandika jina la hospitali pekee, makala haihesabiwi kwa chuo. Akiandika kifupi cha chuo kwa namna ambayo Scopus hawana, makala inakaa kwenye rekodi ya peke yake. Maktaba huandika kuomba rekodi ziunganishwe, na zikiunganishwa chuo "kinapata" makala nyingi kwa mkupuo.

Nne, hazina ya tasnifu. Tasnifu zikiwa wazi zinaonekana na kunukuliwa. Kwa msomaji hii ndiyo faida ya kweli, orodha iwepo isiwepo.

---

BintiWaKasarani

Asante dada Wanja, hayo ya jina la hospitali hayasemwi mara nyingi.

Sasa kwa mzazi aliye na mtoto wa B+ anayetaka uhandisi au sheria. Afanye nini na orodha hizi?

---

Karani_wa_Takwimu

Kwa shahada ya kwanza hapa Kenya, azifunge kwanza. Orodha inapima chuo kizima, mtoto anaingia kozi moja. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu.

Anza na ithibati ya kozi, si ya chuo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ina orodha ya kozi zilizoidhinishwa. Tafuta jina kamili la shahada kama lilivyoandikwa kwenye barua ya kujiunga. Tofauti ya maneno mawili kwenye jina inaweza kuwa kozi nyingine.

Kisha bodi ya taaluma. Uhandisi ni Engineers Board of Kenya, sheria ni Council of Legal Education, udaktari ni KMPDC (baraza la madaktari), uuguzi ni baraza la wauguzi. Vyombo hivi na CUE vimevutana mahakamani kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha kozi, lakini kwa mhitimu jambo ni jepesi: bodi isipomsajili, hafanyi kazi hiyo. Angalia pia ithibati imeisha lini, na kama ni ya kampasi atakayosomea. Sheria inaweza kuwa imeidhinishwa kampasi moja tu.

Halafu wahadhiri. Viwango vya CUE vya 2014 vinataka mhadhiri mmoja kwa wanafunzi 7 kwenye tiba, na mmoja kwa 18 kwenye sayansi ya jamii. Fungua ukurasa wa idara, hesabu wa kudumu, uliza darasa la mwaka wa kwanza lina wangapi. Idara ikikosa hata majina kwenye tovuti, piga simu.

Mwisho tembelea karakana au maabara. Usitazame jengo. Uliza mashine ngapi zinafanya kazi leo na wanafunzi wangapi wanashika moja kwa wakati. Na uliza kozi huchukua miaka mingapi kwa uhalisia: uhandisi wa miaka mitano ukigeuka saba kwa ajili ya migomo na mitihani isiyosahihishwa, hiyo ni karo na kodi ya nyumba ya miaka miwili.

---

Msomaji_Ngara

Na alama za mwisho za KUCCPS? Zikiwa juu si inaonyesha kozi ni bora?

---

Karani_wa_Takwimu

Inaonyesha ushindani. Hiyo ni alama ya kundi la masomo, kati ya 48, ya mwanafunzi wa mwisho kuchukuliwa mwaka ule. Idara ikitangaza nafasi 40 badala ya 120, alama hupanda bila ubora kuongezeka. Chuo kilicho katikati ya jiji hupanda pia kwa sababu watu wanapenda jiji. Tazama miaka mitatu mfululizo, pamoja na idadi ya nafasi. Itakusaidia kujua mtoto ana uwezekano gani wa kuchukuliwa, na hapo ndipo kazi yake inapoishia.

---

Sajili_House

Basi kuna mahali popote orodha za dunia zina maana?

---

Mwalimu_wa_Mbinu

Zipo, na tusizidharau.

Mtu anayetafuta uzamivu atumie orodha za taaluma, si za jumla, kisha ashuke hadi kwa msimamizi na makala zake. Chuo cha kati kwa jumla kinaweza kuwa na kikundi imara sana cha malaria au cha kilimo.

Pia kuna serikali zinazotumia orodha kama kizingiti. Uingereza ilianzisha Mei 2022 viza ya High Potential Individual kwa wahitimu wa vyuo vilivyo katika 50 bora kwenye angalau orodha mbili kati ya THE, QS na Shanghai. Orodha ya kwanza haikuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Ukubali mbinu usiikubali, namba hiyo ilifungia watu mlango, na ni haki tuisemee.

Na vyuo vingine vimeshaamua kutoka. Taasisi kadhaa za teknolojia za India, zile IIT, zilisusia THE kuanzia toleo la 2021. Utrecht ya Uholanzi haikutuma data kwa toleo la 2024. Zurich ilitangaza kujiondoa Machi 2024. Shule ya sheria ya Yale ilijitoa US News Novemba 2022, Harvard ikafuata. Kwa hiyo ukikosa jina kubwa kwenye orodha, huenda ni uamuzi wake.

---

Wanja_Maktaba

Kwa wanaotaka kulinganisha miaka wenyewe: usilinganishe nafasi, linganisha alama za kila kipimo. Fungua ukurasa wa mbinu wa kila toleo. Ukurasa wa zamani ukiwa umefutwa, weka anwani yake kwenye Wayback Machine, hazina ya kurasa za zamani za mtandao, uchague tarehe. Tengeneza jedwali: mstari kwa kila mwaka, safu kwa kila kipimo, na safu mbili za mwisho ziwe uzito wa mwaka huo na idadi ya vyuo. Mwaka ambao uzito ulibadilika, piga mstari mwekundu, usivuke mstari huo na hitimisho lolote. Webometrics inaonyesha nafasi kwa kila kipimo, kwa hiyo hapo utajua chuo kimesogea lakini si kwa kiasi gani.

---

Mizani_Sawa

Na jaribio la haraka kwa yeyote: kipimo kimoja kikiruka na vingine vikatulia, tafuta mabadiliko ya data au ya mbinu. Vikipanda vitatu au vinne polepole kwa miaka mitano mfululizo, bila mstari mwekundu katikati, hapo chuo chenyewe kinafanya kazi.

---

BintiWaKasarani

Nimeanza jedwali la vyuo sita vya Nairobi kwa THE na Webometrics, kuanzia toleo la 2019. Likikamilika nitaliweka hapa pamoja na kurasa za mbinu za kila mwaka, tuikague safu ya uzito pamoja kabla mtu hajalisambaza.